Mpini na Ngitili: Kazi za Mikono na Utu katika Nchi ya Simiyu

Mwezi wa Februari, mwaka 1875, msafara wa Henry Morton Stanley ulishuka kuelekea Ziwa Victoria kutoka upande wa kusini, ukapita katika nchi ya Wasukuma, na huko Stanley akaujua mto uitwao Simiyu. Mto ule ulimpendeza kwa sababu moja: aliuhesabu kuwa ndio chanzo cha mbali kabisa cha Nile kwa upande wa kusini, akaliandika jina lake katika kitabu kilichosomwa Ulaya na Marekani. Hesabu yake ilisahihishwa baadaye na wasafiri wengine. Wenyeji hawakuwa na haja nayo tangu mwanzo. Kwao mto ulikuwa maji ya ng'ombe wakati wa kiangazi, udongo wa mfinyanzi, na mpaka wa malisho ya mtu na jirani yake. Mwaka 2012, serikali ya Tanzania ilipoumega mkoa wa Shinyanga na kutwaa sehemu ya mkoa wa Mwanza, jina la mto huo likapewa mkoa mpya wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na mji wa Bariadi ukawa makao yake makuu.

Kama vile kulivyo na namna mbili za kuutazama mto, ndivyo kulivyo na namna mbili za kuitazama kazi ya mikono. Mtu aweza kulishika jembe la kale, akalipima urefu na uzito, akalichora na kuliweka katika kabati la kioo. Hapana shaka atakuwa amejifunza jambo. Mwingine aweza kuuliza jembe hilo lilifuliwa na nani, lilipewa nani, kwa ahadi gani, na mpini wake ulikatwa katika mti wa nani na kwa ruhusa ya nani. Huyu wa pili atajifunza jambo kubwa zaidi, kwa kuwa atakuwa amefika kwa watu wenyewe. Makala haya yafuata njia ya pili. Neno lake ni moja, kwamba katika nchi ya Simiyu kazi za mikono zilisimama juu ya maagano ya watu, na kila agano lilipovunjika kazi yake ilidhoofika, hata kama fundi alikuwa yu hai na vifaa vyake vingali mkononi.

Jembe lafaa kutajwa kwanza, maana Msukuma ni mkulima na mfugaji pamoja. Kabla ya majembe ya viwandani kuingia, majembe ya Usukuma yalitoka kwa wahunzi, na wahunzi waliovuma kuliko wote walikuwa Warongo, ambao Wasukuma huwaita Balongo. Asili ya ufundi wao husimuliwa kuwa ni upande wa magharibi, katika nchi ya Wazinza, ambako mawe yenye chuma yalipatikana. Waliyayeyusha mawe hayo katika tanuri la udongo kwa makaa ya miti migumu, huku mivukuto ikivutwa bila ya kupumzika. Kisha chuma kilichopatikana kilipigwa juu ya jiwe hata kikawa na umbo la jani pana lenye mkia, na mkia huo ukachomekwa katika kichwa cha mpini.

Kazi hiyo ilizungukwa na miiko. Katika nchi nyingi za Maziwa Makuu wayeyushaji wa chuma walijitenga na wake zao kwa muda wote ambao tanuri lilikuwa likiwaka, na tanuri lenyewe liliwekwa mbali na nyumba. Msomaji wa leo aweza kuiita miiko hiyo ushirikina, akapita. Walakini yafaa asimame kidogo. Fundi aliyejua kwamba chuma kibovu kitahesabiwa kuwa ushahidi wa mwenendo wake mbovu hakuthubutu kufanya kazi kwa uzembe. Utu wake na ufundi wake vilipimwa katika mizani moja. Mnunuzi hakuhitaji hati ya kuthibitisha ubora wa jembe, kwa kuwa alimjua mtu aliyelifua.

Tena jembe lilivuka mipaka ya shamba. Kwa Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi lilikuwa bidhaa ya biashara, na lilitolewa katika mahari pia, kabla ng'ombe hawajashika karibu nafasi yote. Jembe la mahari lilikuwa ushahidi wa mambo matatu kwa pamoja: kwamba kijana ana jamaa waliokusanya mali kwa ajili yake, kwamba jamaa hao wako radhi kufungamana na jamaa wengine, na kwamba nyumba itakayojengwa itakula kwa jasho. Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hiyo, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa, ilitoka kwa watu wengine, lakini maana yake haihitaji mkalimani Bariadi. Kumpa mgeni jembe ni kumtoa katika hesabu ya wanaotazamwa na kumtia katika hesabu ya wanaotegemewa.

Kutoka kwa mtu mmoja na jembe lake, yatupasa macho kuyaelekeza kwa watu wengi na majembe yao. Vijana wa Usukuma walijiunga katika vyama vya kulima vilivyoitwa elika, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana. Mwenye shamba aliwaita, akawaandalia chakula au malipo waliyokubaliana, nao wakaja wote. Walijipanga safu, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka kwa mapigo yale yale. Ngoma ya bugobogobo, ambayo leo huchezwa majukwaani mbele ya wageni wa serikali, ilizaliwa katika kazi hiyo ya kulima. Mvivu alijulikana papo hapo, maana jembe lake lilichelewa kushuka. Mtu aliyekwepa kazi ya wenzake bila ya udhuru alitozwa faini, na akikaidi alitengwa. Siku ya msiba wake au ya kuezeka nyumba yake alijikuta peke yake. Juu ya vijana hao walikuwako wazee, banamhala, na baraza lao liitwalo ibanza, ambalo lilisikiliza mashauri na kuamua.

Hata mashindano yalikuwa na adabu yake. Wachezaji wa Usukuma waligawanyika katika makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake huelezwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi hayo yalishindana kwa ngoma, nyimbo na mizungu, kila moja likijaribu kuvuta watazamaji wengi zaidi. Mshindi hakuamuliwa na mtawala. Aliamuliwa na miguu ya watu, yaani upande ambao umati ulihamia. Mchonga vinyago, mwamba ngoma na mtunga nyimbo walipata heshima kwa njia hiyo, nao waliipoteza kwa njia hiyo hiyo.

Kazi za wanawake zilikuwa na maagano ya namna nyingine, yasiyopigiwa ngoma. Mfinyanzi alichimba udongo, akaupepeta, akaukanda na kuujenga kwa mkono mpaka ukawa chungu, kisha akauchoma kwa kuni na nyasi. Mwenye kibuyu cha maziwa alikiosha na kukifukiza moshi, akakitikisa hata siagi ikajitenga. Na kibuyu kilichopasuka kilishonwa, maana kitu kilichoandamana na nyumba kwa miaka mingi hakikutupwa kwa sababu ya ufa mmoja. Kulikuwako pia ufundi wa kuhifadhi chakula. Viazi vitamu vilikatwa vipande vibichi na kuanikwa, vikaitwa michembe. Au vilichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, vikaitwa matobolwa. Nafaka iliwekwa katika kihenge, ghala la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, likainuliwa juu ya ardhi ili kuepuka unyevu na mchwa.

Nchi ya Simiyu haina mvua ya kutumainiwa kila mwaka. Kwa hiyo kihenge kilikuwa zaidi ya chombo. Aliyekijaza alikuwa akitimiza wajibu kwa watoto wake, na aliyekifungua wakati wa njaa kwa ajili ya jirani alikuwa akiweka akiba nyingine isiyoliwa na panya. Mwanamke aliyejua kukausha michembe vizuri alisifiwa kama vile mhunzi alivyosifiwa, na kwa sababu ile ile: kazi yake njema ilikuwa usalama wa wengine.

Sasa na liulizwe swali lililoachwa mwanzoni: mpini ulitoka wapi? Fito za kihenge, kuni za mfinyanzi, nyasi za kuezekea, gogo la kigoda, mchi na kinu, vyote vilitoka wapi katika nchi kavu yenye ng'ombe wengi? Sehemu yake kubwa ilitoka katika ngitili. Ngitili ni eneo la malisho lililofungwa. Mvua zilipoanza, mwenye boma, au ukoo, au kijiji kizima, kiliamua kwamba pande fulani la ardhi lisiingizwe mifugo. Majani yakaota, yakakomaa, yakasimama yakiwa makavu. Na kiangazi kilipokaza, malisho mengine yalipokwisha, ngitili ikafunguliwa kidogo kidogo. Ndama, ng'ombe wenye kunyonyesha, maksai wa kulimia na wanyama wadhaifu walitangulia. Kwa kuwa eneo lilipumzishwa, miti nayo ilikua. Humo mlipatikana kuni, fito, dawa, uyoga, asali na mipini.

Ngitili haikuwa na ukuta wala seng'enge. Kilichoizuia mifugo kuingia kilikuwa neno la watu. Mchungaji mwenye ng'ombe wenye njaa alipita kando ya majani yaliyofika magotini, akawageuza ng'ombe wake, kwa sababu alijua kwamba baba yake na jirani wa baba yake walikubaliana. Akivunja neno, jambo lilipelekwa mbele ya wazee, na mkutano wa kimila uitwao dagashida ulikuwa na uwezo wa kutoza faini. Basi mpini wa jembe ulikuwa tunda la kujizuia kwa watu wengi. Hapo ndipo uhunzi, useremala, ufinyanzi na ufugaji vilipokutana. Shina lao lilikuwa moja.

Shina hilo lilikatwa kwa mashoka mengi, na si haki kulilaumu moja peke yake. La kwanza lilikuwa biashara. Majembe ya viwanda vya Ulaya yaliingia kwa bei nafuu, na kabla ya katikati ya karne ya 20 kuyeyusha mawe ya chuma kulikuwa kumekwisha karibu kila mahali. Wahunzi waliobaki walifua chuma chakavu: visu, mikuki, mishale, kengele za ng'ombe na marekebisho ya majembe ya wageni. La pili lilikuwa vita dhidi ya mbung'o. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliongoza kazi kubwa ya kufyeka misitu ya Shinyanga na nchi jirani ili mdudu huyo akose kivuli. Nchi iliyofyekwa ilipata watu na ng'ombe, nao wakahitaji mashamba. Pamba ikaenea, na plau ya maksai ikalima kwa siku moja eneo ambalo elika ingelilima kwa siku nyingi. Faida ilikuwa kubwa na watu waliipenda. Lakini plau haihitaji safu ya vijana wala ngoma, na kijana aliyekuwa na plau aliweza kusema kwamba hamhitaji jirani.

Shoka la tatu lilikuwa amri. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1956 serikali iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Watu waliamriwa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, kupunguza mifugo, na kufuata kanuni nyingi za kilimo. Waliokaidi walishtakiwa, na watemi wakatumiwa kuzisimamia kanuni hizo. Baadhi yake zilikuwa na akili njema ndani yake. Mkulima wa Ntuzu au Itilima hakuhitaji kufundishwa kwamba ardhi huchoka. Baba yake alifunga ngitili kwa sababu alilijua jambo hilo. Kilichomchukiza ni kuambiwa afanye kwa hofu ya faini ya mgeni jambo ambalo wazee wake walilifanya kwa kushauriana. Mtemi aliyepaswa kuwa mwamuzi wa watu wake akaonekana kuwa karani wa Bwana Shauri. Chuki hiyo ilisaidia kuzipa nguvu siasa za uhuru katika Usukuma, na utemi wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1963.

Wakati ule ule, hata hivyo, watu wale wale waliokataa amri walionyesha kwamba hawakukataa maagano. Wakulima wa pamba walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Badala ya kulalamika tu, waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Chama hicho kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika wa Waafrika barani. Yafaa ionekane kwamba hakikuanzishwa na watu walioacha mila. Kilianzishwa na wajukuu wa elika, ambao walijua tangu utoto kwamba kazi ya pamoja yataka mizani ya haki na adhabu kwa mdanganyifu. Ushirika huo nao ulipatwa na misukosuko: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na tangu mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba. Hata leo pamba hutoka Bariadi ikiwa pamba na kurudi ikiwa nguo, na ujira wa ufundi wa kuigeuza huachwa kwingine.

Pigo la nne lilikuja na nia njema. Mwaka 1974 kaya za Shinyanga, ambazo zilikuwa zimetawanyika kila moja katikati ya mashamba na ua wake wa minyaa, zilihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Shule na zahanati zilikaribia. Lakini mtu aliyehamishwa aliiacha ngitili yake nyuma, mbali na macho yake, na katika kijiji kipya hapakuwa na neno la zamani juu ya ardhi ile. Miti ikakatwa, malisho yakachanganyika. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za nchi hiyo zilikuwa wazi, na akina mama walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, au wakapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka.

Ni katika kipindi hicho cha kupotea kwa vitu ndipo juhudi za kuvitunza zilipoonekana. Huko Bujora, karibu na Kisesa katika mkoa wa Mwanza, padre mmoja kutoka Kanada, David Clement, alikuwa ameanza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, vigoda, mavazi ya watemi, zana za wahunzi na mambo ya waganga, na jumba la makumbusho la Wasukuma likafunguliwa hapo mwaka 1968. Kila mwaka, katika sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana. Kazi hiyo yastahili shukrani. Vitu vingi vingekwisha kuliwa na mchwa. Lakini makumbusho yana mpaka wake. Yaweza kuutunza mpini. Hayawezi kuitunza sababu iliyomfanya mchungaji awageuze ng'ombe wake.

Sababu hiyo ilirudi kwa njia nyingine. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni ulielekea kupanda miche ya miti, kama mipango mingine. Kisha wataalamu wake wakafanya jambo la busara: waliwauliza wazee. Wazee wakawaambia habari za ngitili. Tangu hapo kazi kubwa ikawa ni kuvisaidia vijiji kufunga tena maeneo yao kwa sheria zao wenyewe, huku dagashida, serikali za vijiji na walinzi wa jadi wakishika ulinzi. Mwaka 1986 zilihesabiwa hekta 600 hivi tu za ngitili. Mwanzoni mwa karne ya 21, katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake, makisio yalipita hekta 300,000. Mwaka 2002 mpango huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikisia faida ya ngitili kuwa dola 14 za Kimarekani kwa kila mtu kwa mwezi, ilhali matumizi ya wastani ya mtu wa shamba nchini yalikuwa dola 8.50. Nyasi za kuezekea, fito, kuni na dawa zilirudi karibu na nyumba, na mikono iliyokuwa imekosa kazi kwa kukosa malighafi ikapata tena cha kushika.

Tofauti ya mwaka 1947 na mwaka 1986 haikuwa katika udongo wala mvua. Watu walikuwa wale wale, na shauri lilikuwa karibu lile lile, kwamba ardhi ipumzishwe. Mara ya kwanza walipewa amri. Mara ya pili waliulizwa.

Ingekuwa udanganyifu kuishia hapa, kana kwamba kila kilicho cha jadi ni chema. Nguvu ya jamii inayoweza kumtenga mvivu yaweza pia kumtenga asiye na hatia. Katika mikoa ya Usukuma, kwa miaka mingi, wanawake wazee waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingi alama iliyotajwa ilikuwa macho mekundu. Macho hayo yaliharibiwa na moshi wa jikoni, ambao ulikuwa mbaya zaidi pale kuni njema zilipokwisha na mama akapikia kinyesi. Bibi kizee aliyefinyanga vyungu na kuanika michembe kwa ajili ya wajukuu alilipwa mauti kwa alama ya kazi yake mwenyewe. Yeyote anayesifu utu wa Kiafrika hana budi kuisoma habari hiyo pia. Agano lisilomlinda dhaifu limepoteza sababu yake. Ngitili hufunguliwa kwanza kwa ndama na kwa ng'ombe dhaifu. Jamii inayoijua sheria hiyo kwa mifugo haina udhuru wa kuisahau kwa bibi zake.

Tena liko fundisho la waliohama. Wasukuma wengi wamekwenda na mifugo yao Rukwa, Katavi, bonde la Kilombero na kwingineko. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu, wakilaumiwa kwamba wameharibu ardhioevu. Wengine hushangaa jinsi watu walio na ngitili kwao wanavyoweza kulaumiwa kwa uharibifu ugenini. Hapana ajabu. Ngitili haisafiri katika damu. Huishi kati ya majirani wanaojuana, wenye haki juu ya ardhi yao na baraza la kuwasikiliza. Mfugaji asiye na uhakika kama atakuwapo mwaka ujao hana sababu ya kuyaacha majani yakomae. Utamaduni wa mtu huenda naye mahali popote, lakini maadili yake hutaka mahali pa kusimama.

Leo mkoa wa Simiyu wajitafutia jina kwa kazi za mikono mipya. Katika miaka iliyofuata 2016 vijana wa Maswa walijulikana nchini kwa kutengeneza chaki, na Meatu ikajulikana kwa maziwa yaliyosindikwa, chini ya wazo la kila wilaya kuwa na bidhaa yake. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020, na huko plau, vikapu, chaki na trekta vilitazamana katika uwanja mmoja. Wako wanaohuzunika kuona chaki mahali pa chungu. Huzuni hiyo haina msingi, kwa kuwa jembe la Balongo nalo lilikuwa jipya siku moja. Swali la kuulizwa juu ya chaki ya Maswa ni lile lile lililoulizwa juu ya jembe: je, mikono iliyoitengeneza yajulikana, mizani ya faida yake ni ya haki, na mwenye kuzembea huwajibika kwa nani? Penye majibu ya maswali hayo, kijana wa chaki ni mrithi halali wa mhunzi. Pasipo majibu, hata ngoma ya bugobogobo yaweza kuwa bidhaa tupu, mapigo ya kilimo mikononi mwa watu wasiolima pamoja.

Mambo yapasayo kufanywa si mengi. Shule za Bariadi na Itilima zaweza kuwaalika wazee wafundishe jinsi ngitili inavyofungwa na kufunguliwa, sambamba na jinsi kigoda kinavyochongwa, ili mtoto asijifunze kukata mti kabla ya kujua ni nani aliyeuacha ukue. Halmashauri zaweza kuziandika ngitili za vijiji na koo katika mipango ya matumizi ya ardhi, ili neno la wazee lipate nguvu ya sheria kabla wingi wa watu haujalimeza. Vyama vya mafundi vyaweza kuwekewa masharti kama yale ya elika: kila mtu na zamu yake, kila kosa na faini yake, na dhaifu atangulizwe.

Wakati wa kuazima jembe kwa jirani, mtu wa mashambani hulitazama kwanza kwenye kichwa cha mpini, aone kama limekaza. Chuma chaweza kuwa kizuri na shamba likawa tayari, lakini mpini ukilegea kazi hailimiki. Nchi ya Simiyu ina chuma cha kutosha na ina mashamba. Mpini wake ulikatwa katika ngitili, na ngitili hufungwa na watu.